Mashine Inayoiga Mashine

Mvua ya Kadutu haipigi hodi,
inashuka na mabati yote ya mlima.
Nimefunga duka, nimewasha betri,
na mezani kompyuta tatu zinaningoja,
kila moja na dini yake.

Ya kwanza ni ya masista wa Nguba:
Debian, mpole, hana haraka.
Namwandikia mstari mmoja, ananihesabia megabaiti
kama muuza sombe iliyokwisha kutwangwa:
unataka? ndiyo au hapana?
Ndiyo, mama. Nifungie, nilipe niende.

Ya pili ni ya Murhula, mwanafunzi wa ujenzi:
Fedora, mpenda vipya hata kabla havijapoa.
Neno alilolielewa Debian, huyu halijui;
kwake amri ina jina jingine.
Nikalitaja, akakubali,
kisha wadai wakaanza kujitokeza:
kifurushi kinadai maktaba,
maktaba inadai maktaba,
ile ya tatu inadai fonti,
deni la mtu mmoja likazunguka soko zima,
na bando langu likakata roho
kwenye asilimia themanini na tisa.
Nikateremka ngazi za matope hadi kwa Nabintu
anayeuza yuniti chini ya turubai.
"Bado?"
"Bado."

Ya tatu aliiacha fundi wa hospitali
alipohamia Uvira: FreeBSD,
na nywila kwenye karatasi ya dawa.
Ningeweza kuchukua kilichoiva tayari.
Sikutaka. Nikachukua chanzo chenyewe, majani mabichi,
nikaanza kutwanga.
Mistari ikateremka usiku kucha,
kinu na mchi, kinu na mchi,
onyo, onyo, kosa, rudia.
Saa tisa betri ikalia.
Nikazima taa yangu ili mashine ipate kula.

Wateja huniuliza: Cibalonza, dirisha hili jeusi ni la nini?
Halina picha, halina hata kitufe cha kubofya.
Ni mashine inayoiga mashine, nawaambia.
Hapo zamani ilikuwa meza nzito ya chuma,
kibodi, kioo, na waya mrefu
uliokwenda kuuliza chumba kingine.
Meza ilikufa. Adabu zake zikabaki,
na programu hii imezirithi
kama mtoto mwenye mwendo wa babu
ambaye hakumkuta.

Baba yangu hakufa. Kazi yake ndiyo iliyokufa.
Miaka kumi na tisa kwenye teleksi ya posta,
bei za kahawa, vifo, ndege zilizochelewa,
vyote vilipita kwenye vidole vyake
kabla mji haujavijua.

Kulipokucha nikamwita.
Macho yake yana ukungu,
nikakuza herufi hadi zikalingana na dole gumba,
kijani juu ya weusi.
Akapapasa kibodi, akakasirika:
"Nani amehamisha A?"
Kompyuta ya Dubai, baba. A yao inakaa kwingine.
Akanung'unika, akaitafuta, akaipata,
kisha akaandika lile swali
ambalo teleksi iliuliza kabla ya habari yoyote,
ili mashine ya ng'ambo ijitaje:

WEWE NANI

Nayo ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa nimweleze.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ata Kinshasa balikuwaka banajibu vile!"

Sikueleza kitu. Nikainama begani kwake,
nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja,
na kengele ikalia,
ile ile, ndogo, ya bati,
ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Akanyamaza.
Mkono wake ukaenda shingoni
kutafuta tai.