Pasi na Pasi

Mwalimu Kihwele alikuja kutoka Makete na sweta lake,
Newala ikampa ukungu mwingine, hakulivua.
Wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza
aliandika ubaoni neno fupi la Kiingereza,
herufi nne, mbili za mwisho pacha,
akasema: "Hili ni dogo, lakini lina milango mingi.
Nani ameshaingia kwa mmojawapo?"

Tukanyamaza. Darasa lilinuka chaki na mvua.
Nikalitamka kimoyomoyo, nikalikuta la nyumbani:
pasi.

Mama yangu, Somoe binti Mfaume,
ana pasi ya mkaa, jogoo wa chuma juu ya kifuniko.
Jogoo huyo hawiki,
ila alfajiri ndiye wa kwanza kuamshwa.
Mama hulipepea kaa kwa mfuniko wa ndoo,
hujaza maji kinywani, huyapuliza kwenye nguo
(maji ya kununua, hapa juu mlimani,
hata ya kupuliza yana hesabu yake),
akanyoosha suruali za makarani wa chama cha msingi
mpaka mstari wake ungeweza kumenya muhogo.

"Kupiga pasi," nikasema, mkono juu.
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
"Sidhani kama ni hilo," akasema. "Au sijui. Endelea."

Niliendelea, ila moyoni, hadi kengele.

Mchopa kaka yangu, winga wa kushoto,
hupokea pasi, hatoi.
Na miezi ile ambayo korosho zimeshafika ghalani
na fedha za mnada ziko njiani, ziko njiani,
nyumba nzima tulipiga pasi ndefu:
uji wa saa moja asubuhi tunaubutua mbele,
tunakwenda kuupokea saa mbili usiku
umegeuka ugali wa muhogo.
Katikati ya uwanja hapana mchezaji.

Mwaka huohuo baba alivuka Ruvuma
kwenda kwa wajomba zake, Wamakonde wa ng'ambo,
ambao ni walewale: mizimu ileile, matusi yaleyale.
Alivuka pasi na pasi.
Nani kwetu aliwahi kuulizwa na mto?

Miaka miwili.
Mama akavaa kitenge cha harusini, akashuka mpaka Kilambo.
Kijana mwenye mhuri hakuinua macho.
"Mama, pasi?"
"Nimeiacha nyumbani," mama akajibu. "Imepoa."

Foleni ilicheka mpaka wa mwisho, ambaye hakusikia.
Mama hakujua kilichochekesha.
Akasema tena, polepole,
kama anayemfundisha mtoto kutaja jina lake:
"Mwanangu, yanipasa nivuke."

Hilo nalo limo. Nililiona baadaye sana.
Yanipasa: la kwetu, halikushuka melini,
halina kaunta, halina picha ya pembeni.
Mhuri haukulitambua.
Kesho yake alirudi, akafungua kifuniko, akawasha mkaa.

Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka,
Mwalimu alipiga simu mwenyewe, anahema kama aliyepanda Shimo la Mungu:
"Umepasi! Mwambie mama, umepasi!"
Nikamwambia.
Akaweka pasi yake juu ya kigae, akanitazama.
"Umepasi kwenda wapi?"

Bado sijamjibu. Nimejaribu mara mbili, kwa barua
ambazo lazima Mchopa amsomee,
na Mchopa, nimeshasema, hatoi.

Leo ni mkesha wa Idi, nimerudi.
Ametoa kabatini shati la baba, la mistari ya kijivu.
Anaanza na kola, anakuja kwenye mikono,
anazunguka kila kifungo kama anayepita nyumba ya jirani aliyelala.
Kaa linalia tik. Majivu yanaruka, anayazuia kwa kiganja.
Halafu analitundika msumarini, pale pale,
limenyooka,
bado lina joto,
pasi na mtu ndani.