Baiti ya Kumi na Saba

Stima ilipotea saa nne na dakika tatu usiku,
Kariobangi Kusini yote, hadi kwa wachomelea vyuma,
na kisanduku cha zahanati kilikuwa kinaandika.

Kilikuwa katikati ya jina.
Si jina la mtu: jina la kipimo cha oksijeni,
kile kidude kinachobana kidole cha mgonjwa
na kutuma hewani, bila waya, hesabu ya damu yake.
Vilishaapishana, kidude na kisanduku,
vikapeana ufunguo wa baiti kumi na sita,
ufunguo ukalazwa ndani ya faili
ili kesho visiulizane tena, wewe ni nani.

Akiba haiozi, alizoea kusema mama,
akifunga noti za mia kwenye pembe ya leso.
Mama, hii ilioza.
Stima iliporudi kisanduku kilifungua faili lake chenyewe,
kikasoma: urefu wa ufunguo, mia mbili na arobaini.
Hakikushtuka.
Kikaanza kumimina debe kwenye kikombe.

Muuguzi Akeyo alinipigia alfajiri.
"Mumbua, kinawaka, kinazima, kinawaka,
kama mtu anayeota ndoto ileile."
Nilikwenda na kompyuta na mandazi mawili.

Programu hii ni huria. Maana yake
hakuna aliyeniuzia, hakuna wa kugombeza,
na mlango wa jikoni uko wazi, ingia uone kinachopikwa.
Niliingia. Mstari wa mia tatu na kumi na mbili
mtu fulani, miaka tisa iliyopita, pengine amechoka, aliandika:
soma urefu, kisha nakili urefu huo.
Basi. Hakupima chombo.
Na kwa nini apime? Faili ni letu,
sisi ndio tulioliandika jana.

Ndiyo hapo.
Mgeni anayebisha kutoka hewani tunamkagua,
tunamvua kofia, tunamdai kitambulisho,
halafu kilicholala chumbani mwetu
tunakimeza macho yamefumbwa.
Lakini jana si ndugu yako.
Jana ina stima inayopotea,
ina kadi ya kumbukumbu ya bei ya Luthuli,
ina yule kijana aliyekiazima kisanduku wiki nzima
akakirudisha kimepanguswa vumbi, kinang'aa mno.

Nikaandika. Si mengi.
Zaidi ya kumi na sita, kataa.
Pungufu, kataa vilevile.
Andika kwanza pembeni, kwenye faili jipya,
wino ukauke, ndipo ubadilishe jina.
Na ufunguo asiusome kila mpita njia ndani ya mashine.
(Niliukuta wazi kwa wote,
kama namba ya siri ya Mpesa iliyochorwa ukutani.)

Hapo kwenye kukataa nilikwama.
Ukikataa rekodi, kidude kinakuwa mgeni tena,
na Akeyo abonyeze, angoje, abonyeze,
mgonjwa kanyoosha kidole.
Nilimweleza. Akafikiri.
"Afadhali kiseme hakinijui
kuliko kujifanya kinanijua."

Mlezi wa programu, sijui anaishi wapi,
kwao kulikuwa bado usiku, aliniuliza jambo moja:
nani atadanganya kwenye faili lake mwenyewe?
Nikamjibu: stima.

Mandazi yalikuwa yamepoa.
Kisanduku kikasoma tisini na tatu.
Akeyo akaiandika pia kwenye daftari, kwa kalamu.
Sikumuuliza kwa nini.