Mwandiko wa Mnarani

Mnara wa Rasi Amparo haukujengwa kwa huruma.
Meli mbili za ngano zilipasukia mwambani majira mamoja ya baridi,
na wenye bima huko Valparaíso wakapiga hesabu:
taa ni nafuu kuliko ngano.

Vioo vya lenzi vilikuja vimelazwa katika nyasi kavu
kama mayai. Kimoja kilikuwa na ufa, kikatiwa vivyo hivyo.
Zikaja na chupa za chuma zenye zebaki,
ndogo, lakini kila moja ilikunja mgongo wa mwanamume.
Juu ya zebaki hiyo lenzi ilielea,
tani nzima; ukiigusa kwa kidole, inazunguka.

Mlinzi wa kwanza, Nazario Oyarzún,
alifika na mkewe Edelmira, mtoto mmoja, kondoo saba,
na daftari la serikali lenye mistari myekundu.
Kila usiku sentensi zilezile:
*Taa imewaka. Hakuna la ziada.*

Mwaka wa sita mikono yake ikaanza kutetemeka.
Kijiko kikianguka, alilia.
Alisema sili wa chini ya jabali wanamwita
kwa jina alilopewa na bibi yake, ambalo hakumwambia mtu.
Edelmira alidhani ni upweke.
Nani angejua? Zebaki haina harufu.
Kila Jumatatu aliichuja kwa kipande cha ngozi,
madirisha yamefungwa, maana nje ni theluji.

Nimelishika daftari hilo, huko Ancud, nimevaa glavu nyeupe.
Tarehe tisa Juni herufi zimesimama wima.
Tarehe kumi zimelala kidogo kushoto,
kama za mtu anayeandika huku akisikiliza mlango.
*Taa imewaka. Hakuna la ziada.*

Miaka kumi na mmoja.
Mshahara ulikuja kwa jina la Nazario,
ukatiwa saini ya Nazario,
naye amelala nyuma ya zizi
chini ya mawe yaliyosalia ya ujenzi.
Zebaki aliichuja yeye sasa, madirisha wazi,
si kwa kujua: alitaka kuwasikia kondoo.
Mkaguzi alipokuja, mara moja kwa mwaka,
mwanawe Belarmino alijifunika blanketi gubigubi
akakohoa kikubwa.
Mkaguzi aliacha dawa ya kifua.
Mwaka wa nane aliacha dawa ya kifua
na viatu vya kike, vya mvua.
Hakusema neno.

Siku hizi kuna balbu ndogo kama ndimu
na kioo cha kunasa jua. Zebaki ilichukuliwa
na watu waliovaa barakoa.

Lakini kuna ukurasa mmoja, Agosti, mwaka wa mwisho.
*Taa imewaka. Nimechoka.*
Kwetu uchovu ni uchovu, hauulizi nani.
Kwa Kihispania una jinsia.
Neno lake liliishia kwa *a*, la mwanamke.
Wino ulikuwa bado haujakauka
alipoizungushia mkia, ikawa *o*.
Ile *a* inaonekana bado
ukilipeleka daftari dirishani.