Ankara ya Mchonga Jiwe

Kwa Kamati ya Kumbukumbu, Malindi. Salamu.
Mimi ni yule wa kibanda cha pili nyuma ya soko la zamani,
nichongaye majina ya makaburini.
Mliniambia: jiwe moja, upana dhiraa mbili,
maneno machache, malipo kwa herufi.
Nikasema hewala. Maiti hawajapata kunisumbua kwa tahajia.

Kikao cha kwanza mkanipa:
HAPA BENDERA YETU ILIPANDISHWA.
Nilikuwa nimefika "yetu"
alipoingia Bwana Shekue, akagonga sakafu kwa bakora:
Hapa wapi? Hapa palikuwa pagala la muuza chumvi.
Mlingoti ulikuwa kule kwa Liwali,
penye duka la simu leo.
Nikafuta.

Kikao cha pili, tarehe.
Wenye kalenda wakasema kumi na mbili.
Mwalimu Tsofa akasema kumi na moja,
kamba niliishika mimi, nilikuwa skauti,
haijapiga saa sita, na kiganja hakisahau.
Bi Esha Lali akacheka ndani ya buibui:
Mnagombea nini?
Jua likitua, siku imegeuka.
Usiku ule ulikuwa wa Alhamisi,
hiyo Jumatano yenu ilikufa tangu magharibi.
Nikachonga kumi na mbili, nikafuta,
nikachonga Alhamisi.
Alhamisi ina herufi nane. Zihesabuni.

Kisha bendera. Iliyoshuka ni moja au mbili?
Ya Mwingereza haikuwa na mgomvi.
Ilipotajwa nyekundu ukumbi ukanyamaza
kama nyumba inayobishiwa hodi na mdai.
Mmoja akasema: ilishuka kwa heshima, babangu alilia.
Wa pili akasema: hata wangu alilia,
maana babu yake aliuzwa chini ya ile ile.
Walikuwa benchi moja, kanzu zimegusana.
Hakuna aliyesogea.
Nikauliza, basi nichonge nini?
Mwenyekiti akasema: acha nafasi.
Nafasi, mkaongeza, hailipwi.

Kadzo wa Charo alifika kwa kuchelewa, kutoka Ganda,
na korosho zake kwenye kiroba.
Hakutaka kiti.
Siku hiyo nilikuwa napalilia mihogo, alisema.
Hatukuambiwa na mtu.
Nilizipata habari Jumamosi, chumvi ilipotuishia nikaja mjini.
Kwangu mimi andikeni Jumamosi.
Na lile shamba la mihogo,
andikeni pia hati yake iko kwa nani.
Karani akafunika kalamu.
Mimi nilikuwa na penseli nyuma ya sikio,
niliandika kiganjani.

Mwisho mkapatana kwa maneno mawili tu: NCHI MOJA.
Shekue, ambaye kitovu chake kimezikwa Amu,
akasema polepole: kwetu ni nti moya.
Mlicheka. Yeye hakucheka.
Wiki iliyofuata mkaniletea barua:
futa, kamati imevunjwa, itaundwa nyingine.

Basi hesabu ni hii.
Herufi zilizochongwa: mia mbili na sita.
Herufi zilizofutwa: mia mbili na sita.
Jumamosi haimo. Haikuchongwa, kwa hiyo haikufutwa.

Mhasibu wenu anauliza kwa nini natoza kufuta.
Bwana, kuchonga ni ncha ya tindo.
Kufuta ni uso mzima ushuke,
unene wa ukucha kila mara.
Jiwe lilikuja nene kama mkate wa sinia,
sasa ni chapati.
Nimeliegemeza mlangoni, na asubuhi
mwanga unapenya pale penye "moja".

Na vumbi lake, waheshimiwa, halikwenda popote.
Nimelivuta mimi.
Usiku nikianza kukohoa
mke wangu hujigeuza kitandani, huuliza:
Leo ni nani?
Mara ni bendera. Mara ni hapa.
Juzi nilikohoa mpaka adhana ya kwanza,
akanishika mgongo, akauliza tena.
Nilimwambia alale.