Bahasha ya Aliyeshindwa

Ghalani mwa shule ya ufundi, Katuba,
Musonda ametoa sandukuni mahakama
iliyokunjwa mara nne.

Ya mwaka elfu moja mia nane sabini na nane,
shindano la mji fulani wa Ulaya
ambao jina lake mchwa wamekwisha kulila.
Wino umebaki: nguzo kumi na mbili, kuba,
rangi ya maji ya kahawia
iliyopakwa na mtu aliyebana pumzi.

Vivuli vyote vimelala kulia,
nyuzi arobaini na tano,
kama vimeamriwa.
Hapa Lubumbashi, Oktoba, saa sita mchana,
kivuli hujificha chini ya soli ya kiatu chako.

Kwenye ngazi wamesimama watu,
kila mmoja punje ya mchele,
kofia ndefu, miavuli, uso hakuna.
Hakuna aliyeketi.
Musonda anahesabu vidato: arobaini na kimoja.
Anakumbuka ofisi ya komini, mama yake,
siku tatu kwa karatasi moja ya kuzaliwa,
kitenge kimetandikwa kwenye kidato cha tatu,
goti limevimba kama boga.

Pembeni, kwa penseli, waamuzi:
*Imechorwa vizuri mno.*
Basi.

Mchoraji hakutia jina, sheria ilikataza.
Alitia neno moja la siri, *Kesho*,
na jina akalifungia bahashani
kwa lakiri nyekundu,
ifunguliwe akishinda.

Lakiri ni nzima.

"Madamu," asema Mwewa, wa dawati la nyuma,
"choo kiko wapi?"
Wakainama wote. Wakapekua orofa ya chini,
mabawa mawili, chumba cha kanzu za majaji,
chumba cha farasi kunywa maji, ndiyo, kipo.
Choo hakuna.
Darasa likacheka mpaka bati likaitika,
na Musonda naye, machozi,
huku mkono wake umeishika ile bahasha
kama mtu ashikavyo kifaranga.

Walipotoka kula, akaiinua dirishani,
upande wa lile jabali jeusi la mabaki ya shaba.
Mwanga ukapenya: mwandiko, mfupi,
umeinamia kulia kama vivuli vya nguzo zake.
Hausomeki.

Akairudisha. Akafuta ubao kwa kiganja.
*Zoezi: choreni ofisi ya komini.
Anzeni na benchi.*
Akasita, chaki ikavunjika,
akamalizia na kipande:
*Majina yenu juu. Kwa herufi kubwa.*