Ulikuwa Umesimama Wapi

Gunia la tumbaku tulilojaza mchanga wa Isevya,
tukalishona mdomo kwa uzi wa katani:
hiyo ndiyo beisi yetu ya pili.
Ya kwanza ni kipande cha tairi.
Ya tatu ilitafunwa na mbuzi Jumanne,
tumeichora kwa majivu.

Mwamuzi ni mimi, peke yangu.
Kitabu kinataka waamuzi wanne.
Kitabu hakijawahi kulipa nauli ya kuja Tabora.

Swali lenyewe dogo:
mwizi wa beisi akichomoka,
mimi niwe wapi?

Mwaka wa kwanza nilisimama karibu,
karibu kabisa, hatua mbili na gunia,
kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.
Nilidhani aliye karibu ndiye aonaye.
Akaja Shija Kashindye wa Kitete, miguu mitupu,
akaiacha beisi ya kwanza
mrushaji hajashusha hata goti.
Mdakaji akafyatua. Mpira ukaja unavuma kama nyuki,
vumbi, kiwiko, vumbi,
mgongo wa mlinzi ukanizibia dunia.
Nikasikia glavu: pa!
Nikakunja ngumi. Ametoka!

Shija hakubisha.
Alibaki amelala, akanionyesha kwa macho tu
ukucha wa kidole gumba
ulionasa kwenye uzi wa katani.
Maji yamemwagika. Nikatazama pembeni
kama mtu anayetafuta mbuzi.

Watoto wa mtaa wakapeleka habari nyumbani:
Shija kaiba, kakamatwa!
Mama yake, Nyamizi, akafika na fimbo,
unga wa muhogo bado mikononi.
Kaiba nini?
Beisi.
Ya nani?
Uwanja mzima ukacheka, hata mdakaji.
Yeye hakucheka. Nani kamwona?
Mimi, mama.
Akanipima toka kofia hadi viatu.
Na wewe ulikuwa umesimama wapi?

Usiku ule sikulala.
Miaka thelathini na moja niligeuza njia stesheni,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
na jambo hili nililijua kabla sijaota mvi:
treni ikikujia usoni huoni mwendo,
unaona taa tu, inanenepa.
Sogea kando. Kando zaidi.
Ndipo ubavu unapojifunua,
behewa kwa behewa, hadi mtu anayekula karanga dirishani.

Asubuhi nikaweka sufuria uani,
ufagio ukawa mlinzi, ndoo ikawa mkimbiaji.
Nikazunguka, nikachuchumaa, nikarudi nyuma.
Mke wangu akaomba ufagio wake.
Nikamwambia ngoja, bado hajadaka.

Siku hizi nasimama ndani ya uwanja,
nyuma ya mrushaji, nimeegemea upande wa beisi ya kwanza,
nje ya njia ya mpira, maana nao hauna adabu.
Mwizi simfukuzii macho.
Naungoja mpira unipite, wenyewe unigeuze.
Nikishageuka nasimama kama nguzo,
natafuta kitu kimoja:
mwanga kati ya glavu na mguu.
Ukiwepo, salama.
Ukizimika kabla ya gunia, basi.

Jumamosi iliyopita Shija akaiba tena.
Safari hii ana raba, za kuazima.
Niliona yote, hata kokoto moja ikiruka.
Glavu ilimgusa muundi,
gunia lilikuwa bado shubiri moja mbele yake.
Mkono wangu ulikuwa mzito kuinuka.
Ukainuka.
Akasimama, akajikung'uta, akaniangalia,
akaenda zake bila kunionyesha kitu.

Ila kule kwenye majivu ya beisi ya tatu,
juu ya kreti la soda, Nyamizi alikuwa ameruka tayari,
mikono ameitandaza pande zote mbili,
ishara yangu mwenyewe, sijui kajifunza lini:
Salama! Salama!

Inawezekana.
Kutoka pale alipokaa.