Barua kwa Heldur, Kabla ya Kuhamisha Seva

Heldur,
theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la hospitali,
na huku chini, nyuma ya mlango ule unaokwama,
seva zako tatu bado zinapumua.
Koti nimelivaa, glavu nimezivua:
amri haziandikwi kwa vidole vya sufu.

Ulituachia Xen na daftari la jalada la kijani.
Ukurasa wa nne, kwa mwandiko wako wa kuinama:
"Hii ni nyumba ya kupanga. Kila mpangaji
na aamini nyumba nzima ni yake."
Miaka kumi na mmoja wameamini.
Maabara haijui inalala ukuta kwa ukuta na mishahara,
picha za eksirei hazijawahi kusikia
famasi ikikohoa usiku.
Mwenye nyumba yuko chini kabisa, mwembamba, hana maneno,
na bunda la funguo analo mpangaji wa kwanza;
huyo akianguka, hakuna wa kufungua bomba.

Uku, kijana wa Räpina, hukumkuta,
anataka KVM.
Anasema, ya nini mwenye nyumba wa kuchimbiwa chini ya msingi
ilhali kiini cha Linux chenyewe kinaweza kukusanya kodi?
Nikamwambia Xen ina mistari michache,
michache ya kusoma, michache ya kuoza.
Akaniuliza: hapa Võru, nani aliyeisoma?
Nikaenda kuchemsha kahawa.

Wiki mbili tumepima.
Diski, mtandao, kumbukumbu:
huku unywele, kule unywele.
Leelo wa fedha aliuliza swali moja tu, kalamu mkononi:
"Zote mbili ni za bure?"
Ni huria, nikasema. Bure ni neno jingine.
Leseni hatulipi. Tunalipa usingizi.

Mchagua jembe si mkulima, najua,
nami ningeendelea kuchagua hadi barafu ya Tamula iyeyuke,
lakini Alhamisi, saa tisa usiku, seva ya pili ilizimika.
Hakuna aliyekufa. Nalitanguliza hilo
kwa sababu najua unavyosoma barua.
Wodi ya dharura iliandika kwa karatasi dakika arobaini.
Nilifungua daftari lako, ukurasa wa kumi na tisa,
na juu ya amri niliyoihitaji
palikuwa na duara la kikombe chako.
Uku alikuja kwa miguu, pajama ndani ya koti.
Tukainama wawili juu ya duara lile
kama watu wanaosoma jina kwenye kaburi lenye kuvu.

Basi. Sikuchagua iliyo bora, Heldur.
Nimechagua ile ambayo watu wawili wa hapa
wanaweza kuifungua gizani.

Jana tulihamisha famasi, ikiwa hai, kutoka seva hadi seva.
Muuguzi Triinu alikuwa anaandika dozi:
tarakimu ya kwanza ilizaliwa kwenye chuma kimoja,
ya pili kwenye kingine,
naye hakuinua hata uso.
Uku alipiga meza kwa furaha, akamwaga chai.
Mimi nilikukumbuka.

Jumamosi tunahamisha waliobaki.
Isipokuwa ile mashine ya kupimia damu,
ambayo kiwanda chake kilifilisika na ambayo
kila tukiiwasha kwingine inatutazama kwa skrini nyeusi.
Hiyo inabaki kwenye seva ya tatu, juu ya Xen yako.
Mpangaji mmoja, nyumba nzima;
safari hii imani yake ni kweli.

Kwa hiyo, tafadhali, ukipata nafasi,
nikumbushe: chini ya lile duara la kahawa
uliandika nini?

Maarika